Kikomo cha Posho na Shamba la Dada Magreth

Mgeta,
14 Januari 2025

Mpwa wangu Evance,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kuvua kofia, naitangazia familia yote, iliyopo nyumbani na iliyotawanyika hadi kwenye theluji, kwamba mimi Laurenti, mjomba wako, nimechaguliwa kuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Usajili ya Ukombozi FC. Kamati ina wajumbe watatu. Mmoja hasikii, mwingine hasikilizi, wa tatu ndiye mimi. Uchaguzi ulikuwa huru na wa haki: niliyeshindana naye alikuwa amekwenda kusaga.

Sisi hatujambo. Mkazamjomba wako Juliana anakusalimu na anauliza kama huko mnapata mboga za majani au mnakula tu vilivyogandishwa. Kabichi zimeshuka bei hadi madereva wa malori wanatuonea haya, na dereva wa lori la mboga kuona haya ni habari ya kuandikwa. Mama yako yuko bado mjini kwa dada yako Joyce, magoti yanatibiwa. Shamba lake naliangalia mimi, kama nilivyoahidi. Naandika karatasi kwa sababu simu yangu ni ya tochi, na mtandao wa hapa unapatikana ukisimama juu ya jiwe moja tu, ambalo siku hizi lina foleni.

Sasa neno lenyewe. Unakumbuka mwaka juzi Upepo FC walivyoleta mamluki kutoka Morogoro: wakatufunga, wakala kuku wetu, wakashuka na lori la asubuhi. Mkutano wa timu zote za tarafa umekata shauri. Hakuna timu itakayowapa wachezaji wake zaidi ya milioni moja na nusu kwa msimu mzima. Wamekiita kikomo cha posho. Ukizidisha unafukuzwa.

Vizuri. Lakini sisi tuna Yunusi. Ndiye anayetoa pasi zote. Mguu wake wa kushoto una macho. Upepo wanamtaka, mjini wanamtaka, naye anataka milioni nzima peke yake. Wenzake ni kumi na sita. Wewe umesoma Mzumbe, nisaidie hesabu hii, maana mimi darasani nilikuwa hodari wa kufuta ubao.

Mjomba wako,
Laurenti (Mwenyekiti)


Marekani,
23 Machi 2025

Mjomba, shikamoo.

Barua imezunguka, lakini imefika. Hongera kwa cheo. Tangazo lako niliwasomea wenzangu kazini. Hawakuelewa neno hata moja, ila walisimama. Mwenzangu Furaha anakusalimu. Baridi inaelekea kuisha, tunaisubiri kama deni.

Mjomba, umeniuliza swali ambalo mji huu mzima unalijibu vibaya. Kuna mpira huku wanauita wa mguu, na unachezwa kwa mikono. Kila timu ina mrusha mpira mmoja, wenyewe wanamwita kwotabeki. Kila kitu kinaanzia kwake. Wengine wote kazi yao ni kumlinda asiangushwe, au kukimbilia anapotupa. Na ligi yao, kama tarafa yenu, ina kikomo: timu zote zinaruhusiwa mishahara ya jumla iliyo sawa.

Mwezi huu timu ya hapa imeogopa kumpoteza mrushaji wake, ikampa mkataba wa karibu robo ya kikomo. Mtu mmoja, robo. Waliobaki wako zaidi ya hamsini. Wiki hiyohiyo wamewaondoa mabonge wawili waliokuwa wakimlinda miaka yote, kwa kuwa hela ya kuwalipa haipo. Watu wazima, mjomba, waliovaa tai. Wamenunua taa ya bei mbaya, wakauza mafuta ili kupata bei ya taa.

Kuna kichekesho kingine. Ili aenee ndani ya kikomo, mshahara wake wameubadilisha jina. Wanampa kitita leo, wanakiita zawadi ya kusaini, halafu kwenye hesabu wanakigawa kwa miaka ijayo, pamoja na miaka ambayo huenda atakuwa ameshaondoka. Akiondoka, ile sehemu iliyobaki inaendelea kula kikomo chao. Yaani watakuwa wanabeba mzigo wa mtu asiyekuwepo. Nimekuandikia ucheke.

Kwa hiyo shauri langu ni fupi: mwacheni Yunusi aende, wapeni wale kumi na sita chakula cha kueleweka.

Shamba la mama limelimwa? Zamu ya maji ya mfereji bado ni ileile ya Alhamisi? Naomba unieleze kwa kirefu, nina sababu.

Mpwa wako,
Evance


Mgeta,
5 Mei 2025

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Mvua zimetuosha vya kutosha. Njia ya kuteremka sokoni imegeuka utelezi, na juzi nimeteremka nayo yote kwa makalio, na gunia la karoti kichwani halikuanguka. Watu wamenisifu kwa hilo kuliko kwa jambo lolote nililowahi kufanya kwa akili. Juliana mzima. Mama yako anasema magoti yanasikia dawa.

Barua yako niliisoma mbele ya kamati. Yule asiyesikia alicheka sana. Kwa kweli hao Wamarekani ni watu wa kuhurumiwa. Kupeleka chombo mwezini wanaweza, kugawa chungu cha ugali hawawezi. Mtu mmoja anakula robo! Hapa tumekubaliana kwa kauli moja kwamba ujinga huo hautatufikia.

Yunusi amebaki. Usishituke. Tumempa laki tisa, na huo ndio mwisho, shilingi moja zaidi hapati. Laki sita zimebaki kwa wale wengine. Athanas na Rogers, wale ndugu wawili wa beki, wamesema laki sita kwa watu kumi na sita ni hela ya soda. Nikawaambia soda ina sukari na sukari ni nguvu. Hawakucheka. Wamekwenda Upepo. Waende, mabeki ni kama mawe, yamejaa mlima mzima.

Tofauti iliyobaki kati ya alichotaka Yunusi na tulichompa nimeimaliza mimi kama Mwenyekiti. Ile hesabu yenu ya kubadilisha jina na kugawa kwa miaka, unajua si mbaya ukiitazama kwa utulivu. Tumempa zawadi. Si fedha, kwa hiyo haigusi kikomo. Ni ya miaka mitatu, kwa hiyo hatoki. Wajumbe wamenipigia makofi.

Shamba la mama yako lipo. Mlima haujahama.

Mjomba wako,
Laurenti


Marekani,
15 Juni 2025

Mjomba, shikamoo. Poleni kwa mvua, na pole kwa makalio.

Huku joto limeanza. Mimi mzima.

Nimesoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Mjomba, nilikuandikia kichekesho, wewe umekifanya katiba. Nilipokuambia watu wa tai wameuza mafuta wanunue taa, hukusikia harufu ya giza? Umemwachilia Athanas, anayebeba magunia mawili ya viazi kutoka juu bila kupumzika, eti mabeki ni mawe. Yunusi wako atamgeukia nani akinyang'anywa mpira? Yule mjumbe asiyesikia?

Na ninyi mnawaita Wamarekani wajinga. Wao walimpa robo. Ninyi mmempa zaidi ya nusu, na zawadi juu yake.

Zawadi gani, mjomba? Umeandika si fedha na ni ya miaka mitatu. Mbuzi hadumu miaka mitatu mikononi mwa kijana. Baiskeli haikwei milima yetu. Nimebaki nikifikiri kitu gani huko Mgeta hutolewa kwa miaka.

Sasa nikuambie sababu niliyoitaja. Narudi. Si kutembea, narudi kukaa. Tiketi ni ya mwishoni mwa Oktoba. Nataka kupanda miche ya mapichi na matunda damu kwenye shamba la mama, na mama mwenyewe anataka kupanda juu tuishi naye. Mjini, anasema, anasikia televisheni za watu tu. Nyumba ndogo tutaijenga pale kwenye kona, karibu na mfereji. Hana pengine pa kurudi, nami sina. Kwa hiyo nijibu kwa mstari mmoja tu: nani analima pale?

Evance


Mgeta,
27 Julai 2025

Mpwa wangu mpendwa,

Karibu nyumbani mapema. Habari za kurudi kwako zimetufurahisha hadi Juliana ameanza kunenepesha kuku, na kuku mwenyewe ameanza kutuangalia kwa wasiwasi. Salamu za Furaha safari hii hazikuwemo kwenye barua; labda bahasha ilikuwa ndogo.

Ubaridi wa mwaka huu ni wa kufunga milango. Maharage yamekubali.

Ligi inaendelea, na ninyi wenye dharau mtashangaa: Ukombozi FC tumeingia nusu fainali. Mechi ni Jumapili ijayo, na nani kama si Upepo. Watu wanatuita Kabichi United. Nasema kabichi nayo hufika Dar es Salaam, wao wamefika wapi? Yunusi yuko katika hali nzuri ingawa siku hizi viatu vyake anabebewa na golikipa. Mazoezini hakabi. Nilimuuliza mbona hakabi, akanijibu kwa adabu kwamba hilo halikuwemo kwenye makubaliano. Nikaangalia, kweli halikuwemo.

Uliniuliza jambo la mstari mmoja. Mambo ya shamba si ya mstari mmoja, yana mipaka minne na kila mpaka una jirani. Ukifika tutakaa tuzungumze kiutu uzima. Kuna habari njema ya bei ya karoti pia.

Mjomba wako,
Laurenti


Marekani,
18 Agosti 2025

Mjomba, shikamoo.

Sikusubiri jibu lako. Kama umeandika, tumepishana njiani.

Joyce amepanda Mgeta wiki iliyopita kumtazamia mama mahali pa kufikia. Amekuta viazi vya mtu kwenye shamba la mama, vimepandwa hadi ukingoni mwa mfereji, na mama yake Yunusi akipalilia. Alipouliza, mama huyo amejibu bila ugomvi kwamba shamba wamepewa na mjomba wetu.

Joyce akawauliza majirani kama imeletwa ngoto. Wewe ndiye uliyenifundisha mimi, mtoto mdogo, kwamba asiye wa ukoo akilima kwetu huleta ngoto kila mavuno, debe la viazi au kuku, ili watu wote waone na wajue ardhi ni ya nani. Majirani wamesema hakuna ngoto iliyoonekana. Wamesema wewe mwenyewe ulisimama ukaikataa.

Mama hajui. Joyce ameogopa kumwambia, nami nimeogopa zaidi.

Mtu akidhulumiwa na baba yake, kwetu hukimbilia kwa mjomba. Sasa mimi niende kwa nani?

Niandikie kilichotokea. Bila karoti.

Evance


Mgeta,
21 Septemba 2025

Mpwa wangu Evance,

Hatujambo. Ngoja niende moja kwa moja, kwa sababu salamu zangu siku hizi zinatiliwa shaka hata na mke wangu.

Ilikuwa Aprili. Yunusi alikuja kwangu jioni, akakaa pale kwenye kinu kilichopinduliwa. Nilikuwa nimejiandaa kumsomea hotuba juu ya uzalendo wa kata. Hakunipa nafasi. Aliniambia hivi: "Mzee, mpira nitacheza miaka mitatu, minne. Baba simjui, mama ametoka Dakawa. Mimi hapa sina ukoo, nina mguu tu. Mguu ukivunjika, nitalima wapi?"

Ni kweli, kwetu ardhi hufuata mama, na mama yake, Mwaisha, hana hata tuta moja hapa. Mtu mwenye akili angempa kipande chake mwenyewe. Mimi nilitazama shamba langu la juu, nikaona vitunguu vyangu vilivyo vizuri, nikatazama la dada yangu, nikaona halina mtu. Nikampa la dada yangu. Miaka mitatu.

Na ngoto niliikataa, kama ulivyosikia. Mwaisha alileta kuku siku ya makabidhiano, kuku mzuri, mweupe. Lakini nilikuwa na barua yako kichwani. Nikawaza: nikipokea kuku, watu wa tarafa watasema ni mkodisho, mkodisho una bei, na bei itaingia kwenye kikomo. Kwa hiyo nikasimama mbele ya timu nzima, nikasema kuku arudi kwao, hii ni zawadi. Nilipigiwa makofi, Evance. Katika ukoo huu mimi ni mtu wa kuitwa kushika kamba ya ng'ombe wakati wengine wanazungumza. Sikuwa nimewahi kupigiwa makofi, na ilikuwa tamu, sikudanganyi.

Sasa nusu fainali niliyokuringia. Tuliingia kwa sababu lori la timu tuliyopaswa kucheza nayo lilikwama kwenye matope, tukapewa ushindi. Siku ya Upepo nilivaa koti. Dakika za mwanzo Yunusi alipiga pasi ambayo baada yake ningekufa nimeridhika, lakini hakukuwa na mtu wa kuipokea, na iliporudi hakukuwa na mtu wa kuizuia. Athanas alikuwa upande wa pili. Alikuwa anampora Yunusi mpira kama mtu anayechukua jembe lake kwa jirani, taratibu, bila chuki. Walitufunga manne. La nne alifunga Rogers, beki, aliyechoka kukaa nyuma bila kazi. Akapita mbele yangu, akaniuliza kama kuna soda.

Wiki iliyofuata Yunusi akashuka mjini. Timu ya huko imempa chumba na mshahara. Hakuaga kamati. Simlaumu sana, kamati yenyewe haikuwa ya kuagwa. Hivyo ule mzigo wa mtu asiyekuwepo uliouandika, sasa una anwani: shamba la mama yako, mpaka wa chini na mfereji.

Nikaenda kwa Mwaisha kulidai shamba. Nilitumia maneno mazito, mkataba, uvunjaji, na kadhalika. Aliendelea kupalilia. Kisha akasema: "Ulisema zawadi. Nilikuwepo. Kuku wangu nilirudi naye nyumbani mbele ya watu." Nikageuka nikapanda mlima.

Siku ya pili nikateremka Morogoro nikamwambia mama yako mwenyewe. Msimlaumu Joyce, hakusema. Dada Magreth alikuwa anachambua mchele. Nilimaliza kueleza yote, kikomo, Marekani, makofi. Hakuacha kuchambua. Akasema tu, "Laurenti, umemlipa mtu kwa mgongo wangu." Halafu akamwagiza Joyce amtafutie nafasi mbele kwenye lori la asubuhi.

Alipanda na magoti yale. Kutoka barabarani hadi nyumbani alipumzika kila penye jiwe, na kila nilipotaka kumshika mkono aliuondoa. Ukoo ukakaa Jumamosi. Nilitukanwa kwa mpangilio, kuanzia mkubwa hadi mdogo. Hata yule shemeji anayeazima jembe na kurudisha mpini alipewa zamu. Wameniambia nimeuza cha mama wa watu ili niitwe Mwenyekiti wa Kabichi. Sikubisha. Maamuzi yao ni haya. Neno la mjomba lililosemwa hadharani halirudi, kwa hiyo Mwaisha atalima miaka yake mitatu hadi iishe. Ila ngoto italetwa, kuanzia mavuno haya, kwa mama yako mkononi. Mwaisha alikubali pale pale. Alisema yeye hakuikataa tangu mwanzo. Ardhi basi haijapotea. Lakini ukija Oktoba hutaweza kupanda pale, wala kujenga kwenye kona ile. Hilo nimekuharibia, na sina namna ya kulirudisha.

Shamba langu la juu ni lenu, wewe na mama yako, tangu sasa, bila kungoja nife. Maji yake ni ya Jumanne, si Alhamisi. Kuna baridi zaidi, mapichi yatapenda, matunda damu sijui. Nyumba yaweza kukaa chini ya mwamba ule mkubwa. Upepo hapo haufiki. Mimi nalima kipande nilichopewa na kaka zake Juliana, na wao ngoto wanaitaka. Jana niliwapelekea kuku wa kwanza, ndiye yule tuliyekuwa tunakunenepeshea. Walinisimamisha mlangoni muda mrefu, wakijadili kama kuku ametosha.

Uenyekiti nimeachia. Amechaguliwa yule asiyesikiliza, na jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kumwomba Athanas arudi. Athanas amesema atafikiri.

Wewe nawe hukuniambia kwa nini unarudi, wala Furaha yuko wapi. Sikuulizi. Ukitaka kusema, kuna nafasi.

Mama yako anaishi kwenye chumba chetu cha nyuma, na kwa siku kumi amekuwa akizungumza na Juliana tu, mimi nikipita. Leo alfajiri nilibeba gunia la mbegu za viazi hadi shamba la juu, nikalitua mbele yake. Alilifungua, akatoa kimoja, akakibonyeza, akakitazama macho yake yamechipua vipi. Kisha akachukua fimbo yake akanionyesha tuta la kuanzia.

Mjomba wako,
Laurenti